Kilo Mbili

Mara ya kwanza nilijiona nimebebwa na punda.
Nilikuwa kibarazani kwa akina Bi Swafiya, Langoni,
naye anakuja, kichwa chini, magunia manne ubavuni,
na kwenye kila gunia, mimi:
nacheka, nimeshika sinia la mikate,
meno yote nje kama mtu asiyedaiwa.
Nikampisha. Nikajibana ukutani.
Njia za Lamu hazina nafasi ya watu wawili wenye uso mmoja.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Mpigapicha alitoka Mombasa kwa harusi ya binamu yangu,
akaniambia, "Geuka kidogo. Hapo hapo."
Kugeuka huko ndiko kulikoezeka paa letu,
kukamlipia kaka yangu Aboudi madeni ya duka.
Mama alizihesabu noti mara mbili,
akazifunga kwenye pindo la leso, akasema:
"Mato ya watu ni yua, mwanangu.
Hupasha, kisha huunguza."
Nikamjibu, "Mama, mimi nasikia baridi."

Nisidanganye, nilipenda.
Nikitumwa chumvi duka la jirani
niliifuata mpaka Mkomani,
nikarudi kwa njia ya ngomeni, palipo na watu,
ili tu niwasikie watoto:
        Bi Unga, Bi Unga,
        mkate waungua!
Nikajifanya nimekasirika.
Usiku nilikaa kitandani nikiwahesabu walioniita,
kama mwenye duka anavyofunga hesabu,
na siku walipopungua wanne, watano,
usingizi haukuja.

Kisha akaja Lali, mwenye tanuri la mikate kule Gadeni.
Posa ililetwa, kahawa ikanywewa.
Siku ya tatu mamake alirudi peke yake kuomba radhi.
Mwanawe amesema: bibi harusi hufunuliwa mara moja,
na huyu, kila alfajiri namkata kwa kisu
nipate unga.
Sikuweza kumchukia. Nilimwona akilini,
kisu kinapita shavuni, unga unamwagika.

Mama alipofariki nilikaa mkekani katikati ya wanawake.
Mmoja nisiyemjua alinishika kidevu,
akanielekeza kwenye mwanga wa dirisha.
"Ni yeye! Mbona guniani amenawiri?"
Juzuu zingali mikononi, simu moja ikainuka.
Nami, Mungu anisamehe,
uso ulijipanga wenyewe.
Shingo ikageuka kidogo.
Hapo hapo.

Tangu siku ile nikavaa ninja.
Watu wakasema, mashallah, ameshika dini.
Nilikuwa nimeushika uso usinitoroke.

Sasa gunia lina msichana mwingine.
Wa Malindi, wengine wasema wa Tanga. Ana vishimo mashavuni.
Juzi niliingia kwa Omari Kikombe
nikafunua uso, wote, mpaka kidevuni,
nikasema, "Kilo mbili."
Akapima. Akaongeza kijiko juu, kama anavyomwongezea yeyote.
Akanipa chenji huku akimsikiliza mtu redioni.
Hii ndiyo siku niliyoiomba, miaka sita, kwenye kila sijda.
Nikasimama pale pale, sarafu zinapata jasho mkononi.
"Kuna kingine, bibi?"
Nilikuwa na maneno mawili tu, ni mimi,
yakanikaba kama unga mkavu.

Jirani yangu ameziba dirisha la jiko kwa gunia la zamani.
Mvua imeufuta mdomo. Limebaki jicho moja,
na mkono, na sinia.
Upepo ukija lavuta pumzi, laitoa.
Nikienda dukani kuna njia mbili,
na ya nyuma ndiyo fupi.
Hupita upande wa jicho.